Mikono ya Rehema: Ulemavu, Haki na Matunzo katika Fasihi ya Kiswahili

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anayekutana na mhusika mwenye ulemavu aghalabu huwa na jibu kabla hajauliza swali. Kipofu huambiwa kuwa ni ishara ya jamii isiyoona mbele. Kiwete huambiwa kuwa ni taifa lisilokwenda. Mwendawazimu huwa kinywa cha ukweli ambao wenye akili timamu wanauogopa. Mhusika hupita upesi, ishara ikabaki. Makala haya yanadhamiria kuuliza swali ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini halijapewa stahiki yake katika uhakiki: ndani ya kazi hizo, ni nani anayemwosha mhusika huyo, anayemlisha, anayemshika mkono kuvuka njia, na kazi hiyo inahesabiwaje? Swali hili ni la kifasihi kabla ya kuwa la ustawi wa jamii, kwa sababu ndilo linalomtenga mhusika aliyeumbwa kama mtu na yule aliyeumbwa kama tamathali tu.

Kazi mbili zitatazamwa. Ya kwanza ni Utendi wa Ayubu, ambao ulienea kwa hati za Kiarabu katika mwambao na kuchapishwa London na Alice Werner katika miaka ya 1920. Ya pili ni riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), iliyotahiniwa katika shule za sekondari za Kenya kwa miaka kadhaa, na ambayo kwa hiyo imesomwa na vijana wengi kuliko riwaya nyingi za Kiswahili. Baina ya kazi hizi pana umbali wa fani, wa zama na wa itikadi. Kinachozikutanisha ni kwamba kila moja ina mwanamke ambaye bila mikono yake kisa hakiwezi kuendelea, ilhali uhakiki umemtaja pembeni.

Ngeli na jina

Kabla ya kuzifikia kazi hizo, lugha yenyewe haina budi kutazamwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubishi juu ya ulemavu katika Kiswahili imeanzia hapo na kuishia papo hapo. Hoja inayorudiwa ni kwamba nomino kama vile kipofu, kiziwi, kiwete, kibete, kibyongo na kilema zimetiwa kiambishi ki- cha vitu, na kwa hiyo lugha imemvua utu mtu mwenye ulemavu tangu asili. Hoja hii inavutia, lakini haistahimili uchunguzi. Kiongozi naye ana ki-. Kadhalika kijana, kinyozi, kiranja na kipenzi, na hapana aliyewahi kulalamika kwamba kiongozi ametiwa katika kundi la vikapu. Isitoshe, sarufi haiachi jambo hilo likining'inia. Husemwa kipofu amefika, wala si kipofu kimefika. Husemwa viziwi wetu, si viziwi vyetu. Upatanisho wa kisarufi umemrudishia mtu huyo utu wake katika kila sentensi anayotajwa. Anayetaka kumdunisha ndiye anayelazimika kuivunja sarufi makusudi, kama wanavyofanya wahusika wa kikatili katika tamthilia wanapomwita mtu kijitu.

Palipo na tatizo la kweli ni katika neno ambalo wengi hulidhania kuwa la adabu. Mlemavu limetokana na kitenzi kulemaa, kwa kiishio kile kile kilichozaa mvumilivu, mpotevu na mkakamavu. Kiishio hiki hutaja tabia au hali iliyomwenea mtu mzima mzima. Kwa hiyo mlemavu ni mtu aliyejaa kulemaa, kama vile mvumilivu alivyojaa kuvumilia. Mtu mwenye ulemavu ni kauli ndefu na haipendezi sana masikioni mwa mshairi anayehesabu mizani, lakini inafanya kazi ambayo neno fupi haliifanyi: inautaja ulemavu kuwa kitu kimoja miongoni mwa vingi alivyo navyo mtu. Lugha ya kale ilikuwa na njia hiyo hiyo. Fulani ana kilema ni kauli tofauti kabisa na fulani ni kilema, na wazee walizitofautisha.

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaanza na jambo hili hili. Kifungu chake cha kwanza kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Vinafuata vifungu vya elimu, vya kufika mahali pa umma na kupata usafiri na habari, vya lugha ya ishara na breli, na vya vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Yamkini ni hulka ya wanalugha kusimama kwenye kifungu cha kwanza, kwa kuwa hicho ndicho chao. Lakini mtu aliyeitwa kwa jina la heshima akiwa amekaa mlangoni pa jengo lenye ngazi tupu amepewa haki moja na kunyimwa nne.

Methali za mwoga na methali ya mkongojo

Methali za Kiswahili kuhusu ulemavu zimekusanywa mara nyingi na kusifiwa kuwa zinafunza huruma. Hujafa hujaumbika. Mcheka kilema hafi bila kumfika. Ukizisikiliza kwa makini, hutakosa kuona zinasemwa na nani na kwa nani. Msemaji ni mzima; msemewa ni mzima; mtu mwenye kilema amesimama kando kama mfano wa yatakayokuja. Sababu inayotolewa ya kutomcheka haipatikani kwake bali kwa mchekaji, ambaye anaonywa kuwa huenda zamu yake ikafika. Hiyo ni hekima ya bima. Inamzuia mtu asitende uovu, lakini haimpi yule mwingine dai lolote. Akikosa mkongojo, methali hizi hazina la kusema.

Ndiyo maana methali nyingine, isiyotajwa sana madarasani, inastahili uzito zaidi: kipofu hasahau mkongojo wake. Matumizi yake ya kawaida ni ya kitamathali. Humhusu mtu asiyemwacha anayemtegemea. Hata hivyo maana yake ya juu imetoka ndani ya maisha ya asiyeona. Aliyeitunga alijua kwamba mkongojo si pambo wala alama ya unyonge. Ni kitu anachokitafuta mtu kwa mkono kabla ya kunyanyuka kitandani, anachojua alikiegemeza wapi, asichomwachia mtoto akachezee. Hapa kuna ujuzi, kuna mali, na kuna mwenye mali. Katika maneno manne methali hii imetaja jambo ambalo sheria za karne hii huliita haki ya vifaa.

Ayubu na mkewe

Kisa cha Ayubu kinajulikana kwa neno moja, subira. Kurani inamtaja katika Sura ya 21 na ya 38, kwa ufupi mkubwa. Mapokeo ya visa vya mitume yakautandaza ufupi huo, na watunzi wa tendi wa mwambao wakachota katika mapokeo hayo. Mtu tajiri mwenye mali na watoto anapotezwa vyote, kisha mwili wake unashikwa na maradhi yanayomwondolea nguvu za kusimama. Muda wa maradhi hayo hutofautiana kwa wasimulizi: wapo wasemao miaka saba, wapo wasemao kumi na minane. Watu wa mji wanamkimbia na kumtoa nje ya makazi yao. Anayebaki ni mkewe, ambaye Kurani haimtaji kwa jina, na ambaye mapokeo humwita Rehema.

Huenda ikapingwa kwamba hiki ni kisa cha ugonjwa, si cha ulemavu. Pingamizi hilo lina jibu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, hauutazami ulemavu kuwa upungufu wa kiungo peke yake. Unautazama kuwa ni upungufu wa muda mrefu unaokutana na vizuizi vya jamii. Ayubu ana vyote viwili. Upungufu uko mwilini. Kizuizi ni ule mpaka wa mji alioondolewa ndani yake. Tena kisa chenyewe kinaonyesha wazi kwamba maradhi yaliletwa na mtihani wa Mungu, lakini kutengwa kulifanywa na majirani.

Msomaji akiuacha mkondo wa subira na kufuata mkondo wa riziki, kisa hugeuka sura. Rehema anambeba mumewe. Anatafuta vibarua kwa watu ili apate chakula, na watu hao wanazidi kumfungia milango kwa kuogopa kwamba mikono iliyomgusa mgonjwa itawaambukiza. Katika masimulizi mengi anafika mahali pa kuuza nywele zake apate mkate. Tukio hili huhesabiwa na wahakiki kuwa kilele cha uaminifu wa mke, na hapana shaka ni hivyo. Lakini ni zaidi ya hivyo. Ni mahali ambapo kisa kinatoa hesabu. Gharama ya kumlisha mtu mmoja asiyeweza kusimama, katika mji usiosaidia, imepanda hadi mwili wa anayemtunza. Hapa hakuna kauli ya jumla juu ya dhiki: pana nywele, pana mnunuzi, pana mkate. Tendi nyingi za kidini hutaja fadhila kwa majina yake. Kisa hiki kimeitaja kwa bei.

Linalofuata ni gumu zaidi, na uhakiki umezoea kulivuka kwa haraka. Ayubu anaapa kwamba akipona atampiga mkewe. Sababu husimuliwa kwa namna mbalimbali: wapo wasemao aliudhika kwa ajili ya nywele, wapo wasemao Rehema alikuwa karibu kuyasikiliza maneno ya Iblisi aliyemwahidi tiba. Sura ya 38 inataja kicha cha majani ambacho Ayubu anaamriwa apige nacho asivunje kiapo, na wafasiri wamelieleza tendo hilo kuwa ni tahafifu kwa mke aliyemtumikia. Kwa mtazamo wa imani, rehema ya Mungu imeizidi hasira ya mja. Kwa mtazamo wa usanii, kisa kimekiri jambo ambalo hadithi nyingi za hisani hulificha: kwamba kutunzwa kunauma. Anayelishwa kwa mkono wa mwingine miaka mingi hana njia ya kulipa, na asiye na njia ya kulipa huweza kumchukia anayemdai. Rehema naye amechoka. Kama sivyo, Iblisi asingempata kwa ahadi ya tiba. Kati ya hao wawili kuna mapenzi, kuna deni na kuna uchovu, vyote kwa pamoja. Ni vigumu kupata katika riwaya za Kiswahili za karne ya ishirini picha ya matunzo iliyokomaa kuliko hii.

Fani nayo ina mchango. Ubeti wa utendi wa mistari minne, wenye mizani nane kwa kila mstari na kina cha mwisho kinachorudi tangu mwanzo hadi tamati, si chombo cha kurukia vilele. Ni chombo cha mwendo wa polepole, siku baada ya siku, na kazi ya Rehema ni ya namna hiyo hiyo. Jambo linalofanana na hilo laweza kusemwa juu ya Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Umesomwa sana kwa ajili ya mafunzo ya unyumba, na haujasomwa vya kutosha kama maneno ya mama aliyetunga akiwa mgonjwa.

Nyumba ya Majisifu

Katika Kidagaa Kimemwozea, Mwalimu Majisifu na mkewe Dora wana watoto wenye ulemavu. Majisifu ni mlevi anayejipenda, aliyejipatia sifa ya uandishi kwa kuuiba mswada wa Amani. Dora ni mama aliyeelemewa, anayelalamika kwa kujaliwa watoto wa namna hiyo. Anayewatunza ni Imani, msichana aliyepoteza mama na makao yake kwa dhuluma ya utawala wa Mtemi Nasaba Bora, na sasa ni mtumishi katika nyumba ya nduguye Mtemi huyo.

Miongozo ya shule imeusoma mpangilio huu kwa urahisi wa kushangaza. Imani ana utu, Dora hana shukrani, Majisifu hawajibiki. Hukumu hizi si za uongo, ila zinamwadhibu Dora kwa kosa ambalo sehemu yake kubwa si lake. Itafaa kuuliza Sokomoko imempa nini mama huyu. Hakuna mahali panapotajwa shule itakayowapokea watoto wake wala jirani anayekuja kumpumzisha kwa saa moja. Mume aliyepaswa kushika upande wa pili wa mzigo yuko kwenye pombe. Dora anachokiita kisirani cha maisha yake ni ukosefu wa huduma, ila hana jina la kuuita. Mtu asiye na pa kupeleka dai lake hulipeleka kwa Mungu, na huko miongozo ikamshtaki kwa kukufuru.

Ustadi wa Walibora unaonekana zaidi katika ulinganifu ambao pengine hakuukusudia. Majisifu anaishi kwa kazi za watu wawili, na watu hao ndio wahusika wakuu. Kwa Amani amechukua maandishi akayatia jina lake. Kwa Imani anachukua kila siku matunzo ya watoto wake, na nyumba inaendelea kuitwa ya Majisifu. Riwaya inahakikisha kwamba wizi wa kwanza unafichuka. Mwenye mswada anajulikana, na aibu ya mwizi inakuwa sehemu ya anguko linalotajwa na jina lenyewe la kitabu. Kuhusu kazi ya Imani, hakuna hati ya kufichuliwa. Inasifiwa kama tabia njema. Mwandishi aliyekuwa mwepesi hivyo kuona kuwa kalamu ina haki zake hakuiona mikono kuwa na haki ya namna hiyo, na katika jambo hili hakuwa peke yake. Jamii iliyomsoma iliwaza kama yeye.

Nje ya fasihi, hesabu hiyo imeanza kufanywa, japo kwa uchache. Mpango wa serikali ya Kenya ulioanza mwaka 2011 wa kuzipa kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kila mwezi unamtambua mtu anayehitaji mtunzaji wakati wote, na hivyo unamtambua mtunzaji. Kiasi hicho hakimtoshi Dora, na Imani angeweza kuuliza kingemfikia nani. Hata hivyo ni hatua ambayo riwaya iliyochapishwa mwaka 2012 haikuipiga.

Kasoro kubwa zaidi iko kwa watoto wenyewe. Wanatajwa kuliko wanavyosema. Msomaji anajua wanavyomsikitisha mama na kumwaibisha baba, na anajua wanavyoudhihirisha wema wa Imani. Hajui wanapenda nini, wanachekeana vipi, wala wanamwonaje baba yao anaporudi usiku. Wamewekwa kuwa mizani ya kupimia wazima. Ayubu, pamoja na yote, anasema. Anaomba, anaghadhibika, anaapa. Utendi wa kale umempa asiyeweza kusimama sauti, na riwaya ya sasa imewanyima.

Matuko Weye, askari aliyewapigania Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia na anayehesabiwa kuwa mwendawazimu, anapewa kinyume chake. Yeye ana sauti tele, na anamkemea Mtemi hadharani pale ambapo wengine wamenyamaza. Wahakiki wamemfurahia, na ni kweli anafurahisha. Lakini uhuru wake wa kusema umenunuliwa kwa kutochukuliwa kuwa na neno, na riwaya haijishughulishi sana na mahali anapolala wala na deni ambalo dola iliyomtuma vitani ilikuwa nalo kwake.

Msomaji aliyesahauliwa

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Wapo miongoni mwao waliokuwa watahiniwa wa fasihi. Shule ya vipofu ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, imeleta vyuo vikuu vizazi kadhaa vya wasomaji wa Kiswahili. Kwa wasomaji hao kitabu kiteule si kitabu kimoja. Riwaya inayotiwa mkobani na mwanafunzi anayeona hugeuka kuwa juzuu kadhaa nene za breli, na zinapochelewa, msomaji hutegemea rafiki wa kumsomea, yaani Rehema mwingine asiye na malipo. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, umeondoa kikwazo cha hakimiliki katika kuvigeuza vitabu kuwa vya namna anazoweza kuzisoma asiyeona. Karatasi, mashine na mafundi wa kuifanya kazi hiyo ni suala la bajeti, na mkataba haununui karatasi.

Hapa historia ya fani ina kejeli yake. Utendi ulighaniwa. Asiyeona alikaa barazani akiwa msikilizaji kamili, asiyehitaji msaada wa mtu kuufikia ubeti wa mia tatu. Ni chapa, iliyosifiwa kwa kuieneza fasihi, ndiyo iliyomfanya awe mtegemezi.

Kiziwi naye hakuwahi kuwa na baraza hiyo. Katika mtihani wa kidato cha nne anaweza kutahiniwa Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili, jambo la haki kabisa, kwa sababu hiyo ndiyo lugha yake, na Katiba imeitambua kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Lakini wataalamu wa fasihi ya Kiswahili waliuchukua uamuzi huo kama ruhusa ya kumsahau. Ayubu na Rehema hawajahamishwa kwenda kwake kwa juhudi yoyote inayolingana na ile iliyotumika kumleta Shakespeare katika Kiswahili. Tatizo la vina lisiwe kisingizio. Ushairi wa lugha za ishara una vina vyake, vinavyopatikana kwa kurudia umbo la mkono kutoka ishara moja hadi nyingine, na umbo moja linaweza kushikiliwa hadi mwisho kama bahari inavyoshikiliwa katika utendi. Kazi hiyo inahitaji watu wawili wakae meza moja: mshairi kiziwi anayejua maumbo ya mikono yanayofuatana vizuri, na mjuzi wa tendi anayeweza kumweleza ni kwa nini kina cha mwisho hakibadiliki.